USIULIZE KADI NI BEI GANI, ULIZA ITAKULAZA WAPI

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi moja mchana mbele ya vijana wanaofanya kazi za halmashauri: wakusanya ushuru, mgambo, vijana wa gari la taka, makarani wa mkataba na watendaji wachache wa mitaa. Waliniita kwa sababu walikuwa wameletewa karatasi tatu za bima ya afya na kuambiwa wachague moja kabla ya mwezi kwisha. Mimi si daktari wala si mtu wa bima. Niliishia kidato cha nne, na kazi yangu ni kuuliza maswali na kuandika majibu. Ndugu msomaji, kama nawe unakula jasho lako kwenye halmashauri, au kaka yako yuko huko, jihesabu kuwa ulikaa benchi la mbele.

Ndugu zangu vijana,

Naanza na kisa cha mshikaji wangu mmoja. Jina lake silitaji, na halmashauri yake siitaji vilevile, maana anaitegemea mpaka leo. Alikuwa anakusanya ushuru stendi, kimashine cha risiti kinaning'inia shingoni. Kila mwezi kwenye karatasi yake ya malipo kulikuwa na mstari mmoja umeandikwa "bima". Shilingi elfu kumi na mbili zinakwenda. Naye akafurahi. Akasema, walau na mimi nina kadi kama wakubwa. Akaiweka kwenye pochi, nyuma ya picha ya mama yake.

Siku moja dereva wa fuso akagoma kulipa ushuru, akawasha gari. Jamaa akamkimbilia. Pikipiki ikatokea upande wa pili, ikamzoa. Mfupa wa mguu ukavunjika. Tukampeleka hospitali, kadi ikatolewa, dada wa mapokezi akaingiza namba kwenye kompyuta, kisha akairudisha juu ya kaunta. "Kaka, hii haisomi."

Haisomi vipi? Michango haijafika kwa miezi minne! Kwa mfanyakazi ilikatwa, kwenye bima haikufika. Iko wapi? Hakuna aliyetujibu usiku ule, na hakuna aliyetujibu baadaye. Tukachangishana kijiweni, huyu buku, yule jero, mwingine akaweka simu yake rehani. Upasuaji ulichelewa siku tisa. Mguu umeunga, lakini umeunga vibaya. Leo anachechemea, na mtu anayechechemea hakimbilii fuso. Kazi ya stendi akaipoteza, sasa anauza vocha.

Nimewaletea kisa hiki kwa sababu moja. Karatasi tatu mlizo nazo mkononi zote zimeandika bei juu, kwa wino mzito. Hakuna hata moja niliyoiona imeandika mtu akivunjika mguu saa mbili usiku atalazwa wapi, na nani atahakikisha kadi yake inasoma. Neno langu la leo ndilo hilo, mkisahau mengine yote mlikumbuke: bima rahisi si ile yenye bei ndogo. Bima rahisi ni ile inayolipa siku ya siku.

TULIFIKAJE HAPA

Wazee wetu watawaambia kuwa zamani ukiumwa unakwenda hospitali ya serikali, unatibiwa, unarudi. Dawa zilikuwapo au hazikuwapo, hilo ni jingine, lakini dirishani hukuulizwa fedha. Mwaka 1977 hata hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku. Mwaka 1991 zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 likaja neno "kuchangia gharama", na tangu hapo mlalahoi akajua kuwa ugonjwa una dirisha la malipo.

Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ukaanza kujaribiwa wilayani Igunga, mkoani Tabora. Mwaka 1999 Bunge likatunga sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwaka 2001 Mfuko ukaanza kazi kwa watumishi wa serikali. Utaratibu wake ulikuwa asilimia 6 ya mshahara wa msingi: asilimia 3 inatoka kwa mfanyakazi, asilimia 3 inatoka kwa mwajiri.

Hiyo asilimia 3 ya mwajiri naomba muishike vizuri, kwa sababu kuna mabosi wanaoitaja kama vile wanatoa sadaka ya Ijumaa. Si hisani! Ujerumani walitunga sheria ya bima ya wagonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883, wakati sisi hata reli hatuna, na tangu siku ile mwajiri alitakiwa kutoa theluthi moja. Hapa kwetu sheria ilisema nusu kwa nusu. Fedha ya mwajiri ni sehemu ya ujira wako, ila inapitia mlango mwingine. Asiyekuchangia amekupunguzia mshahara.

Na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo inamtaka mwajiri, awe wa umma au binafsi, amwandikishe mfanyakazi wake na amchangie. Basi mtu asije akawaambia kuwa ninyi ni vibarua tu, mshukuru mlichopata. Muulizeni: sheria imesema "mfanyakazi", wewe umepata wapi ruhusa ya kutugawa mafungu?

NGUVU YA KUNDI

Sasa twende kwenye hesabu, na msiogope, ni hesabu za sokoni.

Tuseme mko mia moja. Kila mmoja anatoa Sh 50,000 kwa mwaka. Hiyo ni Sh 5,000,000. Katika mwaka huo wanne wanaumwa sana, kila mmoja anakula Sh 1,000,000. Zimetoka milioni nne, imebaki moja ya vikohozi na malaria. Tisini na sita hawakulala wodini, lakini hawakuibiwa: walinunua usingizi. Na wale wanne, ambao mwezi Januari hawakujijua kuwa ndio wao, hawakuuza kitanda wala kiwanja cha baba.

Sasa geuza. Tuseme wazima wote wamesema "mimi siumwi, sijiungi". Wamebaki kumi, na wanne wagonjwa wamo humo. Milioni nne zigawe kwa kumi, kila mmoja atoe Sh 400,000. Nani ataweza? Watatu wataondoka, bei itapanda tena, na mfuko utakufa. Bima hufa kwa njia hiyo: mzima anapokimbia na mgonjwa anapobaki peke yake.

Msidhani natunga. Kulikuwa na Toto Afya Kadi, iliyoanza mwaka 2016, Sh 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi waliipenda. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, wazazi wakaambiwa wawaandikishe watoto kupitia shule zao. Sababu iliyotolewa na Mfuko ilikuwa kwamba wengi walileta yule mtoto anayeumwa tu, na gharama zikaupita mchango. Ukimlaumu mtu, mlaumu, lakini somo liko wazi: bima ya mmoja mmoja humwita mgonjwa, bima ya kundi huwaita wote.

Tazama na bei zenyewe. Mwaka 2019 Mfuko ulipoleta vifurushi vya Najali, Wekeza na Timiza kwa mtu anayejiunga mwenyewe, kile cha chini kwa kijana wa miaka 18 hadi 35 kilianzia Sh 192,000 kwa mwaka. Miaka hiyohiyo, mkulima aliyejiunga kupitia chama chake cha ushirika, kwenye mpango wa Ushirika Afya, alitozwa Sh 76,800. Huduma za mipango hiyo hazikulingana moja kwa moja, nami sitaki kuwadanganya. Lakini anayekuja peke yake na anayekuja na kundi hawapewi bei moja, iwe ni nyanya, iwe ni bima.

Ndiyo maana nasema karatasi zenu tatu zina mtego kabla hata hamjasoma. Wa kudumu wamewekwa kundi lao. Wa mkataba mmewekwa kundi lenu. Vibarua wa gari la taka, wanaoshika uchafu wa mji mzima kwa mikono, hawamo kabisa! Kundi limekatwa vipande vitatu, na kila kipande kitauziwa kwa bei ya reja reja. Dai la kwanza, kabla ya kuchagua kampuni, liwe ni orodha moja.

MEZA NNE ZILIZOPO

Naomba sasa tuzipitie meza zilizopo sokoni, moja baada ya nyingine, kwa haki.

Meza ya kwanza ni Mfuko wa Taifa. Mtumishi wa kudumu wa serikali hachagui, sheria ilishamchagulia. Nguvu yake ni kwamba hesabu inafuata mshahara, haifuati umri wala ugonjwa. Mwenye kisukari na mcheza mpira wanakatwa asilimia ileile. Tena kadi inabeba mchangiaji, mwenza na wategemezi wanne. Chukua mshahara wa msingi wa Sh 400,000. Asilimia 3 ni Sh 12,000 kwako, na Sh 12,000 kwa mwajiri. Kwa mwaka ni Sh 288,000. Gawa kwa watu sita: ni Sh 48,000 kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Udhaifu wake? Dawa nyingine utaambiwa hazimo kwenye orodha, na ugomvi wa wakubwa unakuangukia wewe. Tarehe 1 Machi 2024, baada ya Mfuko kuleta bei mpya za huduma, baadhi ya hospitali binafsi ziligoma kuwapokea wenye kadi. Mgonjwa aliyekuwa na kadi halali akageuziwa mlangoni.

Meza ya pili ni makampuni binafsi, yanayosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Hawa wana maneno matamu na kalenda nzuri. Nguvu yao ni kwamba mkiwa wengi wanakubali kupatana: mnaweza kuongeza hospitali, kupunguza kipengele, kubishana bei. Udhaifu wao ni kikomo. Kadi imeandikwa labda kiasi fulani kwa kulazwa, kiasi fulani kwa kutibiwa na kurudi nyumbani, na ukifika hapo shughuli imekwisha, uliobaki ni mzigo wako. Tena mkataba ni wa mwaka mmoja. Mwaka huu mkiumwa sana, mwakani bei inapanda, au wanawaaga.

Meza ya tatu ni Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, uliokuja mwaka 2018 kwa Sh 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Kwa bei, hakuna aliyeupiku. Lakini ulipangwa uanzie zahanati na kituo cha afya, na kwa rufaa ufike hospitali ya mkoa, basi. Kwa malaria na uzazi wa kawaida unatosha. Kwa figo au kichwa kilichopasuka, ungekwama njiani. Anayewaletea mpango wa aina hii akauita "bima kamili" anawauzia baiskeli na kuiita basi. Na bei za mipango hii hubadilika, hivyo dai bei ya mwaka huu kwa maandishi.

Meza ya nne mmeitengeneza wenyewe: kibubu cha kusaidiana. Sikidharau. Usiku ule wa mshikaji wangu, kilichotufikisha wodini ni mchango wa kijiweni. Kibubu kinalipa nauli, chakula cha mgonjwa, na zile siku mbili za kusubiri. Lakini watu thelathini hawawezi kubeba upasuaji mmoja mkubwa, sembuse miwili mwezi mmoja. Kibubu kiwe jirani wa bima. Kisiitwe bima.

MASWALI SABA YA KUMUULIZA MUUZAJI

Akija yule kaka mwenye tai na kompyuta ya mapajani, mkaribisheni soda, kisha mumuulize haya. Asiyejibu kwa maandishi hajajibu.

Moja. Hospitali zipi, kwa majina, zinapokea kadi hii hapa wilayani kwetu? Msikubali "zaidi ya mia tano nchi nzima". Wewe hutaugua nchi nzima. Utaugua Mbagala, au Ilemela, au Nyamagana. Kisha pigeni simu hospitali mbili za kwenye orodha, muulize kama wanaijua kadi hiyo na kama kampuni inawalipa kwa wakati. Hospitali inayodai miezi sita haitakupokea kwa tabasamu.

Mbili. Kikomo ni kiasi gani, na ni cha nani? Cha mtu mmoja, au cha familia nzima? Hapo wengi wameumia. Kikomo cha Sh 3,000,000 kwa mtu na kikomo hichohicho kwa watu sita ni vitu viwili tofauti kabisa, ila kwenye karatasi vinaonekana mapacha.

Tatu. Ugonjwa niliokuja nao unatibiwa? Mwenye pumu, mwenye sukari, mwenye presha, mwenye seli mundu, huyo anapata nini, na lini? Kundi kubwa lina haki ya kupatana ili watu hawa waingie siku ya kwanza. Mkinyamaza, watafungiwa mlango, na kesho ni wewe.

Nne. Nitangoja muda gani? Kuna mipango ambayo uzazi hauguswi mpaka miezi fulani ipite. Kijana ambaye mke wake ana mimba ya miezi mitano, usisaini kabla ya kujua hilo.

Tano. Kila nikifika dirishani nalipa kitu? Kuna bima za bei ndogo kwa sababu kila ukienda unatoa elfu tano au asilimia fulani ya gharama. Mtu anayekwenda mara nyingi na watoto ataona "rahisi" imemla.

Sita. Nikiachishwa kazi kadi inakufa lini? Mkataba wa kibarua unaweza kwisha Ijumaa. Je, Jumamosi mtoto akiungua uji, kadi inasoma? Ombeni muda wa mpito, uandikwe.

Saba, na hili ndilo la mshikaji wangu: nitajuaje kuwa mchango umefika? Dai kila mwezi ubaoni ibandikwe stakabadhi inayoonyesha fedha iliyopelekwa na idadi ya majina. Si mwisho wa mwaka, kila mwezi. Tena kila mmoja wenu ajifunze namna ya kuhakiki kadi yake mwenyewe kwa simu au kwenye ofisi ya bima. Usingoje kuhakikishiwa na dada wa mapokezi huku umeshika mguu.

KIJANA ANAYESEMA HAUMWI

Nawaona pale nyuma mnaocheka. Mnasema, mimi nina miaka ishirini na nne, sijaoa, sina mtoto ninayemjua, napiga zoezi kila asubuhi. Nakatwa ya nini? Bora elfu kumi na mbili nitie kwenye dili.

Nakujibu mara mbili.

Kwanza, mdharau mwiba mguu huota tende. Kijana ni nadra kufa kwa presha, ni kweli. Kijana anavunjwa na pikipiki, anapigwa na umeme, anaanguka juntani. Nenda Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili ukaangalie wodini ni wazee wangapi na ni vijana wangapi, kisha rudi tuzungumze juu ya zoezi.

Pili, na hili ndilo watu hawalijui. Nilisema kadi ya Mfuko wa Taifa ilibeba mwenza na wategemezi wanne. Wategemezi si watoto peke yao. Wazazi wamo! Kijana asiye na mke wala mtoto ana nafasi za baba na mama, na nafasi hizo zinakaa tupu kwa sababu hakuna aliyemwambia ajaze fomu. Mama yako yuko kijijini, miguu inavimba, anakunywa dawa za kuazima kwa jirani. Wewe mjini unakatwa kila mwezi na kusema unaibiwa. Nani anakuibia? Unajiibia! Kwa hiyo katika mpango wowote mtakaouchagua, ulizeni wazazi wamo au hawamo. Kwa kijana wa mjini, swali hilo linaweza kuwa na thamani kuliko mengine yote saba. Mzazi akilazwa, anayepigiwa simu ni wewe, uwe na bima au usiwe nayo.

UKIUMIA KAZINI SI BIMA HII

Sasa nawarudisha stendi, kwa mshikaji wangu, maana kuna jambo tulilijua baadaye, na lilituuma kuliko pikipiki.

Yeye aliumia akiwa kazini. Alikuwa anafuata fedha ya halmashauri. Mtu aliyeumia kazini hapaswi kubanana na kadi ya bima wala kuchangiwa kijiweni. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Huo mwajiri anauchangia peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti moja. Unalipa matibabu ya aliyeumia au kuugua kutokana na kazi, unamlipa kwa muda ambao hawezi kufanya kazi, unamfidia kilema cha kudumu, na akifa unawatazama wategemezi wake na mazishi.

Sisi hatukujua. Yeye hakujua. Waliojua walikaa kimya. Taarifa haikupelekwa, fomu haikujazwa. Yule kijana alikuwa na milango miwili. Mmoja umefungwa kwa sababu michango haikufika, wa pili hakuonyeshwa kabisa.

Basi wewe wa mgambo unayerushiwa jiwe, wewe wa gari la taka unayechomwa na sindano iliyotupwa, jambo la kwanza baada ya kutibiwa jeraha ni kuandikisha: siku, saa, mahali, mashahidi wawili, na nakala ya barua ya kumtaarifu mwajiri, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usikubali kuambiwa "tumia kadi yako, tutaona". Ukitumia kadi kwa ajali ya kazini, unalimaliza fungu lako la homa kulipia deni la mwajiri.

JUMATATU ASUBUHI

Najua wengine mtasema, huyu amekuja kutuchochea. Hapana. Uchochezi ni kumkata mtu fedha na kutoipeleka. Mimi nawapa kazi nne tu, zote ziko ndani ya sheria.

Kazi ya kwanza: msisaini karatasi yoyote kati ya hizo tatu wiki hii. Mwezi haujaisha, na haraka ni ya muuzaji. Makato ya mshahara yana sheria yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mshahara haukatwi ovyo: lazima liwepo agizo la sheria au la mahakama, makubaliano ya pamoja, au ridhaa yako kwa maandishi. Saini yako ndiyo ridhaa yenyewe. Ina thamani, msiigawe kama karanga.

Kazi ya pili: tengenezeni orodha moja. Majina yote, wa kudumu, wa mkataba na vibarua, umri, wategemezi. Bila kuandika ugonjwa wa mtu, hiyo ni siri yake. Nendeni nayo kwa chama chenu cha wafanyakazi, TALGWU, na kwenye ofisi ya Mfuko wa Taifa iliyo mkoani, mkaulize kwa maandishi: kundi hili, pamoja na vibarua, linaingiaje? Jibu hilo mtakuwa nalo mkononi kabla ya kukaa na kampuni yoyote. Anayejua bei ya duka la pili hapunjwi duka la kwanza.

Kazi ya tatu: chagueni watu watatu wa kusimamia. Mmoja ajue hesabu, mmoja ajue kusema, na mmoja awe na mtoto anayeumwa mara kwa mara, maana huyo hatasahau kuuliza. Asiwemo aliyepewa kalenda, fulana au bahasha na muuzaji. Na mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya wote. Mtu akisema hautafsiriki, kuna kitu kimefichwa humo.

Kazi ya nne: peleka hoja kwa diwani wako. Fedha ya kuwachangia vibarua inatoka mapato ya ndani, na mapato ya ndani mnayakusanya ninyi kwa miguu yenu, juani na mvuani. Bajeti ya halmashauri inapita mikononi mwa madiwani. Muulize wa chama chochote, yule uliyempigia kura na yule uliyemnyima: kwenye kitabu cha mwaka huu, mstari wa mchango wa mwajiri kwa vibarua uko ukurasa wa ngapi? Akikuonyesha, mshukuru. Asipouona, mwambie aufungulie ukurasa.

Kigogo akipata mafua, gari linamsubiri nje na injini inaunguruma. Sisi tunabaki na pochi, na ndani ya pochi kuna kadi. Nataka kila mmoja wenu, leo kabla ya kulala, aitoe kadi yake kama anayo, aihakiki kama inasoma. Ikisoma, ahesabu nafasi ngapi ameacha tupu na ampigie mama yake simu. Isiposoma, asilale na siri hiyo. Aje nayo Jumatatu asubuhi mlangoni kwa mhasibu, na asije peke yake.